Daftari la Mama Reli

(Haya niliyasema kwetu Kaptembwo, Nakuru, jioni ya kuamkia safari ya mazishi. Nimeyaandika karibu jinsi yalivyotoka. Nimeondoa tu pale jenereta ilipozimika, na mahali pawili nilipolia.)

Pasta, wazee, akina mama wa kanisa, wanachama, majirani wa ploti hii, na ninyi wa kule landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambao wengine mmeletwa mkishikwa mkono, hamjambo. Bwana asifiwe. Jirani zetu Waislamu, asalam aleikum. Na ninyi mliofika jana usiku kutoka Bunyore, mulembe.

Nimepewa dakika kumi. Mwenyekiti wa kamati amenionyesha saa yake hata kabla sijapokea maikrofoni. Kwa hiyo sitasoma wasifu. Mnao kwenye karatasi, tarehe zote ziko pale, nyingine za kubahatisha. Mimi nitawasomea kitu kingine.

Lakini kwanza nina ubishi kidogo. Tangu Jumatatu nimekaa kwenye hema hili nikisikiliza watu wakimsifu Kukhu, nyanya yetu, na kuna neno moja ambalo kila anayesimama analishika: mvumilivu. Mzee wa kanisa amelisema. Mwakilishi wa chama amelisema. Hata kijana wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka kliniki amelisema, na huyo ndiye alikuwa akipunguziwa nauli kila safari mpaka akazoea. Naombeni radhi wakubwa wangu, lakini huyo mama mvumilivu mimi sikumwona. Mvumilivu ni mtu anayetwikwa gunia na kuondoka nalo kimya. Kukhu aliuliza ni kilo ngapi. Akauliza na bei ya kilo. Kisha akaandika.

Na alichoandika nimekileta. Hili hapa. Ni kaunta buku ya kawaida, imefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani ili jalada lisichakae. Yako kumi na moja, la kwanza ni la 1980, na yote yalikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, yamefungwa kwa kamba ya katani. Mimi nimesomea uhasibu na kazi yangu ni hesabu za sacco, na nawaambia kweli, ni mara chache nimeona vitabu safi namna hii. Hakuna mahali palipofutwa. Akikosea anapiga mstari mmoja juu ya kosa, uweze bado kulisoma, halafu anaandika lililo sahihi pembeni. Sisi tulilipa karo kufundishwa hivyo. Yeye alisema tu kwamba anayefuta ana jambo analificha.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa faida ya vijana.

Kitambulisho kinasema alizaliwa 1940. Hakukiamini. Alichokijua ni kwamba baba yake aliporudi kutoka vita vya Burma, alikokwenda na KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, yeye alikuwa msichana wa kuweza kukimbia na kujificha nyuma ya ghala la mahindi, kwa sababu hakumjua mwanamume yule mwenye koti zito aliyekuwa akiita jina lake. "Mtoto wa kukimbia na kujificha ana miaka mingapi? Piga hesabu." Tukimtajia jibu, analikataa. Tukimpa lingine, analikataa pia. Nadhani alipenda tu kutuona tukihesabu.

Mwaka 1959 aliolewa na Kuka, babu yetu, ambaye wakati huo alikuwa fayamani, mchochea moto wa gari moshi, akiishi hapa Nakuru katika nyumba za reli. Reli ya Kisumu hadi Butere ilikuwa imepita kwao Luanda tangu 1930, kwa hiyo treni haikuwa jambo la kushangaza kwake. Alikuwa akiiona kila siku akienda mtoni. Ila hakuwahi kuipanda. Siku ya kuletwa huku alikuwa na sanduku moja, kuku mmoja ndani ya kikapu, na nauli hawakulipa kwa sababu Kuka alikuwa na pasi. Treni ikisimama, anamuuliza Kuka hapa panaitwaje. Kuka anajibu. Yeye anarudia kimoyomoyo. Luanda, Maseno, Kisumu, Kibos, Miwani, Muhoroni, Fort Ternan, Lumbwa, Londiani, Mau Summit, Molo, Elburgon, Njoro, Nakuru. Kuna vistesheni vingine vidogo katikati nimeviruka, na kama angekuwa hapa angenikatiza sasa hivi.

Sisi wajukuu tuliimba orodha hiyo kabla ya kujua a-e-i-o-u. Tulidhani ni wimbo wa kutulazia. Nilikuwa darasa la sita nilipomuuliza kwa nini alizikariri stesheni zote siku ile, bibi harusi mzima, badala ya kutazama nje kama watu. Akaniambia: "Nilitaka nikikosana na babu yako nijue njia ya kurudi."

Ndipo nikaanza kumwelewa.

Maisha ya landi wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Chumba kimoja na jiko. Bomba moja la maji kwa safu nzima. Kijana wa shedi, kule injini zinakolala, kugonga mlango usiku wa manane kumwita Kuka kazini, na Kukhu kuwa ameshaamka kabla ya kubisha kwa pili, kwa sababu alikuwa ameandaa mkebe wa chakula tangu jioni. Magari moshi yale makubwa ya Garratt yalichoma mafuta mazito, na ovaroli ya fayamani ilikuwa haisimami tu, inatembea yenyewe. Alikuwa akiiloweka kwa maji moto na magadi, anaikanyaga kwa miguu kama mtu anayekanyaga udongo wa nyumba. Kuka alipopanda cheo akawa dereva, watu wakampongeza Kukhu kwamba sasa yeye ni mke wa dereva. Akasema asante, na ovaroli ni ileile.

Yeye naye alikuwa na biashara. Kuka akitoka Kisumu anamletea gunia la omena, dagaa wa ziwani, naye anapimia watu kwa kopo la Kasuku, kwa mkopo, mpaka mwisho wa mwezi. Hakujua kuandika. Kwa hiyo aliweka hesabu zake ukutani, jikoni, kwa makaa. Kila nyumba ilikuwa na alama yake. Aliyekuwa na baiskeli alichorwa gurudumu. Mama wa mapacha, vijiti viwili. Fundi wa boila, sufuria yenye mvuke. Chini ya kila alama, mistari: kopo moja, mstari mmoja. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi anapofikia mkono wake. Mama yangu anasema ukiingia jikoni mle ni kama umeingia ofisini kwa mtu.

Krismasi ya 1978 Kuka alipata likizo. Akaona afanye jambo la kumfurahisha mkewe. Kukhu alipokwenda mazoezi ya kwaya, Kuka akanunua chokaa, akavua shati, akapaka jiko lote. Kuta zote nne. Mara mbili, ili iwe nyeupe sawasawa.

Mmeshaelewa.

Mama yangu alikuwepo, ana miaka kumi na kitu. Anasema Kukhu aliisikia harufu ya chokaa akiwa bado nje, akasimama. Akaingia. Kuka yuko katikati ya jiko na burashi mkononi, chokaa kwenye nyusi, anangoja kusifiwa. Kukhu akavuta kigoda akakaa. Akaangalia ukuta huu, akaangalia ule. Muda ukapita wa kutosha chai kuchemka. Halafu akasema, "Kumependeza." Akajifunga leso, akatoka.

Alianza nyumba ya kwanza. "Wewe ni makopo matatu." Nyumba ya pili: "Wewe matano, na mawili ya mwezi uliopita." Akapita safu nzima, akavuka upande wa pili, zaidi ya nyumba thelathini, hana karatasi, hana chochote, na kila alichosema kilikuwa sawa na alichojua mdaiwa mwenyewe. Wote walikubali isipokuwa mmoja, aliyemuuliza kwa kejeli, "Ukuta ndio unasema hivyo?" Kukhu akamjibu: "Ukuta umenyamaza. Nasema mimi." Huyo hakulipa hata leo. Yumo katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza, na simtaji, kwa sababu wajukuu zake wako hapa wanakunywa chai.

Mwaka uliofuata, 1979, serikali ilipotangaza kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, Kukhu alikuwa kati ya wa kwanza kwenda ngumbaru, masomo ya watu wazima. Jioni, kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, na kitindamimba mgongoni. Wenzake walianza na kuandika majina yao. Yeye alimwomba mwalimu ampe kwanza neno "omena". Akirudi nyumbani Kuka anamsahihishia kazi kwa kalamu nyekundu ya shedi, na akimpigia mkasi, ile alama ya kosa, hakulala mpaka ajue kwa nini. Nawaambia hayo ndiyo mapenzi yao niliyoyasikia. Hakuna mtu aliyewahi kuwaona wameshikana mikono.

Sasa niseme la watoto, kwa ufupi kwa sababu Mama yangu ameketi hapo mbele na ameniomba nisikawie hapo. Kukhu alizaa wanane. Wawili walichukuliwa na surua mwaka mmoja, 1966, wakipishana siku tisa. Mwaka 2019 karani wa sensa alipokuja hapa akamuuliza ana watoto wangapi, akasema wanane. Karani akahesabu majina, akapata sita. Akamuuliza tena. Akasema wanane. Karani, kijana mpole, akasema, "Walio hai, nyanya." Kukhu akamwambia, "Hukuniuliza hivyo."

Ndiyo maana ukifungua madaftari ya miaka ya 1980, tangu mpango wa taifa wa chanjo ulipoanza, unakuta kurasa ambazo si za omena. Ni majina ya watoto wa landi, mstari kwa mstari, na tarehe. Si watoto wake. Ni wenu. Mtoto wa nyumba fulani, sindano ya kwanza, ya pili, ya surua. Pale ambapo tarehe haijajazwa ameweka duara, na ile duara ilimaanisha kesho alfajiri mlango wako utagongwa. Kuna watu hapa wana vipara na wamo humu. Nimewaona.

Miaka ya njaa, 1984, mahindi ya njano, naipita. Kustaafu kwa Kuka na kuhamia hapa Kaptembwo, naipita. Kuka alifariki 1994. Ukurasa wa siku ile una orodha ya waliochanga na kiasi walichochanga, na chini kabisa ameandika neno moja: "Kimya." Desemba ya mwaka uliofuata akanunua chokaa. Akapaka jiko. Na kila Desemba baada ya hapo, mpaka mikono ilipokataa akawa anatusimamia sisi kwa fimbo. Mkienda kunawa mikono, chungulieni jikoni muone. Tangu 1995 jiko hilo halijawahi kupakwa rangi nyingine, na dada yangu alishaleta ya bei ghali ikarudishwa dukani.

Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Hapa nitatembea polepole. Wengi tuliokaa hapa tunaijua Januari hiyo, wengine walikuwa upande huu na wengine upande ule, na leo tuko chini ya hema moja, kwa hiyo sichimbi. Nasoma tu. Ukurasa umeandikwa juu kwa herufi kubwa: VITU VYA WATU.

"Nyumba ya 4: godoro 1, sufuria 3, redio (haisemi).
Nyumba ya 9: cherehani. Kuku 4.
Mama wa kona: sanduku, limefungwa, sijafungua.
Fundi viatu: vya kushoto 6, vya kulia 5."

Inaendelea kurasa mbili na nusu. Hivi ndivyo vitu majirani walivyomwachia walipokimbia usiku. Vilijaa chumba chote, sisi tukalala tumekaa. Na siku moja jioni wakaja vijana, kama saba hivi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nina miaka ishirini na miwili, na magoti yangu hayakuwa yangu. Wakauliza vitu hivi ni vya nani. Kukhu akasema ni vya watu. Wakasema hao watu hawarudi. Basi Kukhu akafungua daftari, akatoa kalamu kwenye kilemba, akaweka ncha juu ya karatasi. "Sawa. Wakija kudai nitasema mmechukua ninyi. Tajeni majina, mmoja mmoja."

Hakuna aliyejibu.

"Wewe nakujua. Wewe nilikupeleka sindano ya surua, ulilia mpaka stesheni."

Wakaondoka. Sijui ni aibu, sijui ni nini. Najua tu kwamba alipofunga mlango aliniomba maji, na kikombe kilikuwa kikigonga meno yake.

Barabara zilipopitika alikwenda Showground, ambako maelfu walikuwa wamepiga kambi, daftari liko kwapani, akawatafuta wenye vitu mmoja mmoja awasomee orodha zao, wasije wakadhani amesahau hata kijiko. Na chini ya ukurasa wa pili kuna nyongeza, wino ni mwingine: "Kuku wa nyumba ya 9, mmoja amekufa tarehe 3. Nimeweka wangu."

Nimeona watu wakipewa nishani kwa machache zaidi ya kuku huyo.

Dakika zangu zimekwisha, naona saa, mwenyekiti. Nipe mbili.

Juni 2019 ilipotangazwa noti mpya, na kwamba elfu moja za zamani mwisho wake ni tarehe 30 Septemba, Kukhu aliniita akafunga mlango. Akatoa mkebe wa Kimbo. Ndani, noti sitini na tatu za elfu moja. Nikamuuliza za nini. Akanifungulia ukurasa wa mwisho wa daftari, umeandikwa MIMI. Jeneza. Gari. Chai ya watu. Akanituma benki, nikarudi na mpya, akazihesabu mara mbili mbele yangu, mimi mhasibu. Kwa hiyo hii chai mnayokunywa, msimshukuru mtu mwingine. Amewanunulia mwenyewe.

Desemba 2021 mambo mawili yalitokea. Nakuru ikawa jiji, naye akauliza kama bei ya sukuma wiki itabaki palepale. Na treni ya abiria ya Kisumu ikarudi baada ya miaka mingi. Kuhusu jiji hakuuliza tena. Kuhusu treni aliuliza kila wiki, mpaka mwaka uliofuata nikampeleka. Treni hupita hapa usiku. Tukapewa siti za dirishani lakini nje ni giza totoro, huoni kitu. Nikamfunika blanketi, nikadhani amelala. Nikamsikia: "Njoro." Baadaye: "Elburgon." Alikuwa anazisoma kwa mgongo, kwa jinsi gari linavyoegemea kwenye kona. Molo aliitambua kwa baridi ya miguu. Mau Summit alisema, "Sasa tunashuka," na kweli sauti ya gari ikabadilika. Kipkelion alikataa kuiita Kipkelion, kwake ni Lumbwa. Muhoroni akainua pua tu kama mtu aliyeingia jikoni, harufu ya miwa ikawa imejibu yenyewe.

Kulipopambazuka tuko Kisumu. Nikamwambia, "Kukhu, hii njia uliikariri ya kurudi kwenu. Mbona hukurudi?"

Akafikiri. Akakunja blanketi, pembe kwa pembe.

"Nilikuwa bado nadai."

"Unamdai nani?"

"Babu yako. Ukuta wangu."

Kesho alfajiri tutampeleka nyumbani, akalale kando ya huyo anayemdai. Tutapita Kericho kwa barabara. Najua angetaka tupite Muhoroni.

Sasa la mwisho, halafu nampa Pasta maikrofoni. Katika daftari hili la mwisho madeni yote yamekatwa mstari. Yote, isipokuwa moja. Aliliandika siku nne kabla ya kulazwa, na mkono unaonekana ulikuwa unatetemeka. "Mama wa sukuma, getini. 50." Si yeye anayedai. Ni yeye anayedaiwa.

Mama wa sukuma, uko? Nilikuona ukiingia. Jamani, msukumeni mbele, anaona haya. Njoo, mama. Njoo hapa kwenye taa.

Hamsini yako hii. Na kalamu hii hapa. Kata mstari wewe mwenyewe.